Samaki Aliyejaza Mdomo Siku ya Arusi

Ukelele wa Mahrita ulitukuta jikoni, mimi na dada yangu Arbainah, tumekaa chini tunatoa vikonyo vya pilipili kavu za mchuzi wa arusi yake. Dada alilitupa sinia. Msichana anayekaribia kuolewa akipiga ukelele namna ile, ama bwana arusi amepiga simu kuvunja, ama kuna nyoka ndani ya nyumba. Tukakimbia tukiwa tumejiandaa kwa yote mawili.

Tulimkuta sebuleni amepiga magoti mbele ya tangi lake la kioo, bado na sare ya kazini, viganja vyote viwili mashavuni.

"Mama! Acil! Ameyabeba! Ameyabeba yote!"

"Nani kabeba nini?" dada akauliza, akihema. Acil, yaani mama mdogo, ni mimi.

"Datu! Mtazameni koo lake!"

Datu alikuwa samaki. Kwetu Samarinda, samaki wa jamii ile tunawaita kalatau, na wengi huwajua wale wa kupiganishwa, wenye mapezi marefu kama shela. Huyu hakuwa wa namna hiyo. Alikuwa kalatau wa porini, hafikii urefu wa kidole changu cha kati, mwili rangi ya kutu, mapezi yamepakwa weusi na kumalizikia kwa ukingo mweupe kama sahani ya wageni. Mahrita alimpa jina la Datu, jina tunalowaita mababu wa mababu, kwa sababu ya ule uso wake wa kununa. Jike alimwita Galuh.

Nikainama nitazame. Koo la Datu lilikuwa limevimba kama mtoto aliyejaza tonge asilotaka kulimeza. Alisimama palepale chini ya jani kavu la mti wa mkungu alilowekewa tangini, hasogei, anatafuna polepole bila kumeza.

"Nimewaona kwa macho yangu," Mahrita akasema, maneno yakimtoka mbiombio. "Datu alimkumbatia Galuh, akamkunja hivi, mayai yakadondoka. Galuh akayaokota kwa mdomo, mojamoja, akawa anamtemea mwenzake mdomoni! Akitema, Datu anadaka. Akitema, Datu anadaka. Kama watu wanaocheza mpira!"

Dada yangu alijifuta jasho usoni, akasahau mkono ule ulikuwa wa pilipili. Machozi yakamtiririka.

"Mama, usilie," Mahrita akamkumbatia. "Hata mimi nimefurahi."

"Nilie nini? Macho yanawaka! Nileteeni maji!"

Ndiyo hivyo ilivyoanza.

Lazima niseme kwamba hatukuwa tukimwelewa sana huyu mtoto wetu. Kazi yake ni kumsaidia daktari wa meno. Mchana kutwa anashika taa kwenye vinywa vya watu, na akirudi nyumbani anashika tochi kwenye vinywa vya samaki. Alikuwa amewatoa samaki hao kwenye kijito kilichopita nyuma ya shamba la marehemu babu yake, nje ya mji. Baadaye milima ya pale ikachimbwa makaa ya mawe, na kijito kikawa tope la rangi ya chai ya maziwa. Alirudi mara nyingi na chandarua chake asipate hata mmoja. Wale aliokuwa nao ndio waliobaki, na mmoja kati yao aliruka nje ya tangi tukamwokota amekauka chini ya friji. Wakabaki wawili, kwa bahati dume na jike.

Mara mbili Datu alikuwa amebeba mayai, na mara mbili aliyameza. Dume wa samaki hawa ndiye mwenye mimba, tuseme hivyo. Anayahifadhi mdomoni, hali chakula mpaka watoto watoke. Lakini akishtuka, anayameza. Mara ya kwanza shemeji yangu Hamdani, babake Mahrita, alilisukuma tangi kidogo apate kufagia. Mara ya pili paka alirukia kifuniko.

"Siku za Datu zitaisha lini safari hii?" nikamuuliza Mahrita.

Akahesabu kwa vidole, kisha akaufunika mdomo.

"Acil," akasema, "zitaangukia arusi yangu."

Dada yangu, macho mekundu, alinyanyua uso kutoka kwenye beseni. "Basi tangi linatoka leo. Hapo ndipo linapokaa jukwaa la maharusi."

"Mama! Ukilisogeza atameza!"

"Na ameze! Kwani wakwe watakuja kumwoa yeye?"

"Mama, hawa ndio wa mwisho kutoka kwenye kijito cha Kai!"

Kai ni babu, na babu huyo alikuwa baba yetu sisi. Dada aliliacha tangi palepale, akarudi jikoni akipiga hatua nzitonzito, na Mahrita akapiga yowe, "Polepole, Mama!" maana nyumba yetu ni ya mbao, imesimama juu ya nguzo kwenye kinamasi, na ukikanyaga jikoni maji ya tangi yanatikisika sebuleni.

Jioni alimpigia simu mchumba wake, Rifani wa Tenggarong, mji wa jirani, sisi tukitegesha masikio bila haya.

"Rifani, kuna jambo limetokea. Siwezi kukuficha."

"Jambo gani?"

"Siku ya arusi, dufu zisipigwe."

"Kwani kuna msiba?"

"Hapana. Datu ana mayai mdomoni."

Tulisikia pumzi ndefu ikishushwa. "Alhamdulillahi! Mahrita, mbona unanitoa roho? Nilidhani umenikataa!"

"Kwa hiyo utawaambia?"

"Dufu ni za Nini yangu," akasema. Nini ni bibi. "Lakini nitamwambia. Nitajaribu."

Kuanzia hapo nyumba ilipata sheria mpya na mimi ndiye niliyekuwa askari wake. Jamaa walipoanza kumiminika na mafurushi yao, niliwapokea mlangoni: vueni viatu, msikimbie, msiangushe kitu. Binamu yetu mmoja mnene aliambiwa apitie mlango wa nyuma, akakasirika, kisha akaonyeshwa Datu, akacheka mpaka akakaa chini. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akinyata kuliko wote. Wanawake waliokuwa wakitwanga viungo walihamishia kinu nje, kwenye njia ya mbao mbele ya nyumba. Kila asubuhi mtu wa kwanza kuamka alichungulia tangini kisha akatangaza jikoni, "Bado amevimba!" na jiko zima likajibu, "Alhamdulillahi!"

Siku walipoletwa haruan wa kupikwa kwa mchuzi mwekundu, samaki wakubwa wenye vichwa kama vya nyoka, mpishi mmoja aliwatazama, akamtazama Datu, akasema, "Jamani, mbona wanafanana? Wapitisheni nyuma, asiwaone ndugu zake wakienda sufuriani."

Shida ilikuja na mpambaji. Alifika na jukwaa lake limekunjwa vipandevipande, na nyundo mkononi.

"Hilo pipa la maji litoke," akasema.

"Si pipa. Na halitoki," nikamjibu.

"Mimi nimepamba arusi za watu wakubwa, sijapata kuona..."

"Basi leo umeona. Na hiyo nyundo weka chini."

Alitaka kuondoka. Ni shemeji Hamdani, mtu asiyependa maneno, aliyempeleka mbele ya tangi, akamwelekezea kidole, akamweleza kwa sauti ya chini kama anayesimulia habari za mgonjwa. Mpambaji alitazama muda mrefu. Mwisho akasema, "Na yeye hali kitu siku zote hizo?" Hali kitu, akaambiwa. "Basi leteni kamba." Akalifunga jukwaa lote kwa kamba bila msumari hata mmoja, akalisogeza upande, tangi likabaki nyuma ya bega la kulia la bibi arusi, limefichwa na pazia la manjano lenye vipuli vya kung'aa. Mtu asiyejua asingejua.

Siku ya arusi ilipambazuka bila mvua. Mahrita alipambwa tangu alfajiri: taji la dhahabu, mishada ya asumini ikining'inia mpaka mabegani, hina mpaka kwenye vifundo. Taji lilikuwa zito kiasi kwamba shingo haigeuki. Alikaa pale kama sanamu, na neno lake lilikuwa moja tu.

"Acil, bado?"

Nikafunua pazia kidogo. "Bado. Lakini leo anapiga miayo."

"Anapiga miayo?" Macho yake yakawaka. "Acil, amekaribia! Ni leo!"

Wakati uleule tukasikia dufu.

Zilikuwa mbali, mwanzo wa kichochoro, lakini dufu za Tenggarong si za mchezo. Mbao zilianza kuitikia chini ya nyayo zetu. Mahrita akafumba macho. Mimi na shemeji tukanyata mpaka nje, kisha tukatimua mbio.

Msafara ulikuwa umeshika njia yote, vijana wa dufu mbele kwa sare za kijani, Rifani katikati chini ya mwavuli, na kando yake Nini Masniah, bibi yake, kamwanamke kadogo kenye miwani myeusi na meno mawili ya dhahabu. Shemeji aliinua mikono yote miwili kama anayesimamisha gari.

"Samahani, wakwe zangu! Samahani sana! Dufu zinyamaze."

Zikanyamaza mojamoja, kwa mshangao.

"Kuna nini?" Nini Masniah akauliza. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Nini. Tuna samaki ndani. Ana mayai mdomoni. Akishtuka, atameza."

Nini akavua miwani. Akamtazama shemeji toka utosini mpaka kwenye kucha. "Samaki."

"Ndiyo, Nini."

"Dufu hizi zimepigwa kwenye arusi yangu mimi. Zimepigwa kwenye arusi ya mwanangu. Leo mjukuu wangu aingie kimya kama mwizi wa kuku, kwa ajili ya samaki? Ana ukubwa gani huyo samaki?"

Shemeji, mtu mkweli maskini, akaonyesha kidole.

"Huyo hata paka hashibi!"

Watu wakaangua kicheko, lakini si wote. Wazee wawili wa upande wao walikuwa wamekunja nyuso, na mmoja akasema kwa sauti kwamba hii ni dharau na kwamba gari lipo, kurudi si kazi. Nilimwona Rifani akitoka chini ya mwavuli, jasho limemtapakaa kwenye poda.

"Nini, nisamehe," akasema. "Mahrita aliniomba nikuambie mapema. Nikaogopa."

"Ulimwogopa nani?"

"Wewe."

"Mimi? Bibi yako?"

"Kwani nani hakuogopi, Nini?"

Vijana wa dufu walicheka wakiwa wameficha nyuso nyuma ya ngozi za dufu zao. Nini Masniah aliwageukia, wakanyamaza. Akamgeukia Rifani tena, akamtazama, na pembeni mwa mdomo jino moja la dhahabu likaanza kuonekana.

"Na huyo msichana," akauliza, "amemlinda samaki wake mpaka siku ya arusi yake mwenyewe?"

"Nyumba nzima imemlinda, Nini," nikasema.

"Hmm." Akavaa miwani. "Haya, nyinyi! Pigeni hapahapa mlipo! Pigeni mpaka viganja viwake! Kisha tunaingia kimya. Lakini huyo bwana aliyeninyamazisha, nataka kumwona kwa macho yangu."

Wakapiga. Mwanzo wa kichochoro, mbali na nguzo zetu, walipiga kama watu waliolipwa kuamsha mji, majirani wakatoka madirishani wakipiga makofi. Kisha wakazibeba dufu kwapani, na msafara wote, wanaume kwa wanawake, ukaingia kichochoroni kwa kunyata, wakisoma salawati kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. Nimehudhuria arusi nyingi. Sijaona msafara mzuri kama ule.

Ndoa ilifungwa, watu wakala wali wa manjano na haruan, na Nini Masniah akawekewa kiti pembeni ya jukwaa, karibu na tangi. Hakungoja kualikwa. Alifunua pazia, akaingiza kichwa.

"Huyu? Mbona ana matumbwitumbwi?"

"Ni watoto, Nini," Mahrita akajibu bila kugeuka, midomo haichezi.

"Na hajala tangu lini?"

"Tangu alipowachukua."

"Na mke anakula?"

"Anakula, Nini. Na anamlinda."

"Loo!" Nini akawageukia wazee wale wawili waliokuwa wamekunja nyuso, sasa wananyofoa minofu. "Mmesikia nyinyi? Kumbe wanaume wapo duniani! Na nyinyi hata kikombe cha chai hamjipikii!"

Akarudisha kichwa nyuma ya pazia, na hakukitoa tena. Wageni walipanda jukwaani kuwapa mkono maharusi, wakaona mgongo wa Nini tu. Mahrita alikuwa anatabasamu mbele na kunong'ona pembeni.

"Rifani, geuka kidogo. Ametema?"

"Sioni. Nini ameziba."

"Mwambie asogee."

"Mwambie wewe."

Hapo ndipo Nini Masniah alipopiga kelele.

"Ametema kitu! Kina macho!"

Sebule nzima ikasimama. Niliona miguu ikiinuka, watu zaidi ya mia wakijiandaa kukimbilia upande mmoja, na nikasikia ubao wa kwanza ukilia.

"Asitembee mtu!" nikapaza sauti. "Kila mtu abaki alipo!"

Wakaganda. Mmoja alikuwa na kijiko mdomoni. Binamu yetu mnene alibaki amesimama kwa mguu mmoja, mikono imetanda kama korongo, na wallahi hakuushusha ule mguu.

"Nini," Mahrita akasema, "wangapi?"

"Mmoja. Ngoja. Wawili! Ala, anacheua! Watatu! Wanatoka kwenye matamvua, hapana, ni mdomoni, ni mdomoni! Masha Allah, wadogo kama mbegu za ufuta, na wanaogelea, mwanangu, wanaogelea wenyewe!"

Mahrita akainuka.

"Bibi arusi hainuki!" mpambaji akanong'ona kwa hofu. "Taji litaanguka!"

Nikamwona dada yangu Arbainah akija kutoka jikoni. Watu walimpisha kwa kuvuta matumbo ndani, miguu haisogei. Nilijua anakuja kumrudisha binti yake kitini. Alipanda jukwaani kwa ncha za vidole, akalishika taji kwa mikono miwili, huku na huku, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Inama, mwanangu," akasema. "Nimelishika."

Mahrita akapiga magoti na nguo zake zote za dhahabu. Rifani akapiga magoti pembeni yake. Mimi nikashika tochi. Mle ndani, chini ya jani la mkungu, Datu alifungua mdomo, akatikisa kichwa kidogo, na kutoka gizani mwa koo lake kikatoka kisamaki kizima, chenye macho mawili meusi na mkia, kikasimama majini kama kinajiuliza kimefika wapi. Kisha kingine. Galuh alikuwa anazunguka mbele yao, mapezi yamesimama, tayari kumpiga yeyote.

"Wametoka," Mahrita akasema. "Acil, wametoka. Kijito cha Kai kimezaa." Poda ilikuwa inachimbika mifereji mashavuni mwake, na mpambaji alikuwa analia pia.

Dada yangu, mikono juu ya taji, alikuwa anajaribu kuchungulia juu ya kichwa cha binti yake. "Nami nione basi! Sogezeni vichwa! Nani amelishughulikia jambo hili kuliko mimi?"

Koo la Datu lilipolegea kabisa, alionekana mwembamba kama jani. Mahrita aliagiza kikopo cha viluwiluwi vya mbu kutoka barazani, akachovya kidole chenye hina, akamdondoshea kimoja. Datu alikitazama. Akakidaka.

"Amekula!" Nini akatangaza, na habari ikasafiri mdomo kwa mdomo mpaka ngazini na njiani nje, amekula, amekula. Nini akapiga kigelegele cha kunong'ona, kidogo mno, wanawake wakakipokea vivyo hivyo, mpaka Mahrita akacheka.

"Pigeni kwa nguvu, Nini! Sasa hana cha kumeza!"

Basi hapo ndipo mlipaswa kuwepo. Vigelegele viliezua paa, dufu zikaingia ndani, binamu yetu akashusha mguu wake hatimaye na kuanza kucheza, na wale wazee wawili walikuwa wa kwanza kupanga foleni ya kuchungulia.

Si wote waliokua. Visamaki vile Mahrita na Rifani walivilisha vidudu vya maji vidogo kama vumbi, walivyovichota mitaroni kwa kitambaa kila asubuhi kabla ya kazi, wakivuliwa kofia na majirani na kuulizwa kama hiyo ndiyo fungate. Baadhi vilikufa, vingi vikapona. Vilipopata ule ukingo mweupe kwenye mapezi, Mahrita hakutaka vyote vikae nyumba moja. Alisema nyumba moja ni moto mmoja, ni paka mmoja. Akavigawa kwa jozi kwa watu aliowaamini, kila jozi na kifuniko chake na furushi la majani ya mkungu.

Jozi ya kwanza ilikwenda Tenggarong. Nini Masniah aliipakata mwenyewe kwenye mfuko wa plastiki, kiti cha mbele cha gari, mkanda umefungwa, na alipofika njia panda alimwambia dereva, kwa sauti iliyotufikia hata sisi tuliokuwa tunampungia mkono, kwamba akipiga breki ya ghafla atashuka na kurudi kwao kwa miguu.